Ukurasa Ambao Marlene Hakuufungua

Marlene Kowalchuk hakuwa mtu wa kubembelezwa. Katika kiwanda chetu cha madirisha hapa Winnipeg, yeye ndiye aliyesimamia programu ya kuajiri. Humo mna ukurasa ambamo mwombaji kazi anaeleza ugonjwa au ulemavu wake ili asaidiwe siku ya usaili. Wakuu wa idara hawauoni. Basi.

Asubuhi moja Garth, mkuu wa karakana, akaja na kikombe cha kahawa, akakiweka juu ya meza ya Marlene, akaiegemea.

"Bibie, nifungulie nione nani mgonjwa. Sitaki mtu wa kushinda hospitali."

"Huoni kitu."

"Mimi ni bosi!"

"Bosi wa vioo. Magonjwa ya watu yanakuhusu nini?"

Garth akaenda kumshtaki kwa mkurugenzi, Bwana Lindqvist, naye akaja mwenyewe, uso kaukunja, Garth nyuma yake.

"Marlene, mfungulie. Hiyo ni amri."

Marlene akavuta kibodi. "Sawa, mzee. Ila nikimpa ruhusa ataona ya wote, na wewe uliomba kazi kupitia programu hii hii. Nimfungulie?"

Sote tuliokaa jirani tukaacha kuchapa. Mkurugenzi akakohoa, akamtazama Garth, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Ufunge huo ukurasa," akasema.

"Haujafunguliwa," Marlene akamjibu, "na haufunguliwi. Na wewe Garth, toa kikombe chako mezani kwangu."