Kwaya Nisiyoifundisha

Nilipostaafu ualimu nilimpigia simu mke wangu nikamwambia, "Nivumilie mpaka Pasaka, nitakuja nyumbani." Hakuniuliza Pasaka ya mwaka gani. Yeye alikuwa Ijumbi, Muleba, kwenye kibanja chetu cha migomba na kahawa, na mimi nilikuwa nimepanga vyumba viwili Rwamishenye, mjini Bukoba. Nilisikia anachochea moto. Akasema, "Haya, Mwalimu," kama wanavyosema wazazi wa wanafunzi, simu ikakatika.

Pasaka nne zilipita kabla sijahamia. Wengi wanaonifahamu Bukoba wanadhani nilibaki mjini kwa sababu ya wito. Si kweli, na nimezeeka mno kuendelea kuwaachia wadhani hivyo.

Nilifundisha shule ya msingi upande wa Buhembe. Nilimaliza kidato cha nne nikaenda chuo cha ualimu, na huko mkufunzi mmoja aligundua kwamba naweza kusoma nota za do-re-mi. Tangu siku hiyo sikuwa mwalimu wa kitu kingine, hata pale nilipofundisha Kiswahili na jiografia. Somo la muziki lenyewe lilikuwa dogo kwenye ratiba, na miaka mingine vipindi vyake vilichukuliwa na hesabu. Kazi ilikuwa nje ya ratiba. Mahafali ya darasa la saba, wimbo. Mkaguzi anakuja, wimbo. Vyoo vipya vinazinduliwa, wimbo. Wimbo wa kumkaribisha mgeni rasmi nilikuwa nao mmoja tu, nikawa nabadilisha jina na cheo, na mwaka mmoja watoto walimkaribisha ofisa wa elimu kwa jina la bwana mifugo aliyetutembelea wiki mbili kabla. Mwalimu mkuu alinitazama mpaka nikatafuta pa kuweka mikono. Ofisa mwenyewe alipiga makofi, akasema watoto wana sauti nzuri.

Jioni zilikuwa za kanisa. Jumatatu na Jumatano kwaya ya usharika, Ijumaa bendi ya tarumbeta ya vijana, Jumamosi harusi. Msiba ulikuja siku yoyote na haukusubiri. Nilikula nikiwa nimesimama, na mara nyingi nilikula kwa watu.

Sasa niseme jinsi nilivyofundisha, kwa maana kosa lilianzia hapo. Nota nilizisoma mimi tu. Niliandika wimbo kwenye daftari langu, nikaenda mazoezini, nikawaimbia kila kundi sauti yake. Soprano nilizibana kooni, besi nilizitoa tumboni, na wao walinifuata mpaka wakakariri. Kwa njia hiyo wimbo uliiva kwa jioni mbili. Kuwafundisha kusoma nota kungechukua mwaka mzima, na mwanzoni kweli sikuwa na mwaka wa kuwapa. Baadaye nilikuwa nao. Ila nilikuwa nimeshaona kwamba daftari likieleweka kwangu peke yangu, lazima watanifuata nilipo. Mwenyekiti wa kwaya, mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya baiskeli, alikuwa na utani wake: "Mwalimu, siku ukifa wewe tutakuzika kimya." Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa kuwa maneno hayo yalinifurahisha.

Siku ya kipaimara cha binti yetu wa pili nilikuwa kanisani. Mke wangu alikuwa ameshona gauni jeupe kwa mkono, wiki tatu, taa ikiwaka. Kwaya ilikaa upande wa kushoto, na mimi nikasimama mbele yake kuiongoza, nikiwa nimewapa mgongo watoto waliopiga magoti madhabahuni. Tulikuwa na wimbo mgumu baada ya baraka na nilikuwa nahesabu kichwani. Mchana, tukiwa mezani na wageni, binti aliniuliza, "Baba, ulisikia mchungaji alivyokosea mstari wangu wa Biblia?"

"Nilisikia," nikasema. "Nikajizuia nisicheke."

"Hakukosea, baba."

Akaendelea kula. Mama yake alikuwa ameshika bakuli la maharage. Alilizungusha kwa wageni wote, akanipa mimi mwisho.

Mama yangu alipofariki, kibanja kilibaki bila mtu. Mimi ndiye mwana mkubwa. Wakati huohuo ugonjwa wa mnyauko ulikuwa unaingia Ijumbi, na migomba isiyo na mtu wa kukata iliyougua huambukiza ya majirani. Tulikaa tukazungumza, kama kuzungumza kulikuwapo. Mke wangu alisema, "Lazima mmoja wetu akae kule. Wewe una kwaya." Akafunga mizigo. Ilibaki miaka sita nistaafu, na tulikubaliana kwamba nikistaafu nitamfuata. Nilikuwa naenda kila mwisho wa mwezi. Halafu nikawa naenda miezi ambayo haikuwa na harusi, na miezi ya namna hiyo ni michache.

Kisha nikastaafu, na zikaja hizo Pasaka. Ya kwanza tulikuwa na nyimbo za Ijumaa Kuu ambazo hakuna mwingine angeziongoza. Ya pili alikuja mchungaji mpya, na nikasema si vizuri kumwacha peke yake. Ya tatu bendi ilikuwa imepata tarumbeta mpya. Ya nne siikumbuki sababu yake. Nadhani sikutoa sababu, wala mke wangu hakuuliza.

Mwili nao ulikuwa umeanza kukataa. Miguu ilivimba. Mganga wa zahanati alinipima presha, akanitazama usoni, akapima tena. Nilianza kusinzia nikiwa nimesimama, na Jumatano moja niliendelea kupunga mkono wimbo ukiwa umekwisha. Waimbaji walinitazama, hakuna aliyethubutu kucheka. Hata hivyo Jumamosi yake nilikuwa harusini.

Kilichonitoa Bukoba kilitokea kwa bahati, kabla ya hiyo Pasaka ya nne. Harusi moja iliahirishwa, nikajikuta na siku mbili tupu. Sikupiga simu. Nilipanda gari la Muleba asubuhi, nikateremka, nikachukua bodaboda mpaka Ijumbi. Mke wangu alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Aliponiona alisimama, akafuta mikono, akaniletea kiti. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na kikapu kidogo chenye kahawa ya kutafuna, akapiga goti na kuninyooshea kwa mikono miwili.

Kwetu mgeni akifika hupewa kahawa kabla ya mazungumzo. Nimepewa kahawa hiyo kwenye nyumba zisizo na idadi, kila nilikoitwa kuimbisha. Mwenye nyumba akirudi kwake hapokewi hivyo. Kahawa anajua ilipo, akiitaka anaichukua.

"Karibu, waitu," akasema, kwa neno letu la heshima.

Nilichukua buni mbili, nikazitafuna. Nilijaribu utani. "Kumbe nimekuwa mgeni?"

"Wageni hupiga simu kwanza," akasema, akarudi kwenye maharage yake. Baadaye kidogo akauliza, "Utalala, au unarudi leo?" Hakuwa na ubaya wowote. Alitaka kujua amenye ndizi ngapi.

Saa kumi jioni alinawa miguu, akavaa kitenge kizuri, akachukua daftari.

"Unakwenda wapi?"

"Mazoezini."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kwaya. Wameyaleta leo kwa sababu Alhamisi kulikuwa na msiba." Akaona uso wangu. "Naimba sauti ya pili. Mwaka wa tano huu."

Nilikuwa nimefundisha kwaya miaka karibu arobaini, na sikujua kwamba mke wangu anaimba. Nilisema kitu cha kijinga. Nilisema, "Hukuniambia."

"Ningekuambia ungenirekebisha," akajibu, akaondoka akipitia kati ya migomba.

Nilirudi Bukoba nikamwambia mwenyekiti kwamba baada ya Pasaka naondoka. Alikuwa anakaza mnyororo wa baiskeli ya mteja. Hakuacha kazi. "Sasa, Mwalimu, tutaimba nini?"

Miaka yote hiyo nilipenda kulisikia swali hilo. Siku hiyo lilinichosha. Tuliketi dukani kwake, nikamweleza kwamba nitawafundisha watu wanne kusoma nota kabla sijaondoka. Akaniuliza kwa nini sikufanya hivyo tangu zamani. Ningeweza kumwambia kwamba muda haukuwepo. Nilimwambia kwamba sikutaka.

Alijifuta mafuta mikononi. "Basi ulitufanyia vibaya," akasema.

"Ndiyo."

Nilipata miezi mitatu. Kati ya wale wanne, mmoja alihama, mwingine aliona aibu kujifunza kama mtoto akaacha, na wawili wakafika mahali pa kusoma wimbo mwepesi polepole. Niliwaachia madaftari yangu yote. Naambiwa kwaya inaendelea na nyimbo ilizokariri, na kwamba kwenye baadhi ya nyimbo sauti ya tatu imepotea kabisa, hakuna anayeikumbuka. Ipo kwenye madaftari. Lakini mwandiko wangu ni mbaya, na vifupisho vingine nilivitunga mwenyewe. Hilo siwezi kulirekebisha tena.

Nikahamia Ijumbi. Nilidhani kazi ngumu ilikuwa kuondoka mjini, kumbe kufika kulikuwa kugumu zaidi. Sikujua jembe linakaa wapi. Sikujua mgomba upi ni wa kupika na upi ni wa pombe, na nilikata mkungu usio wenyewe siku ya tatu. Mke wangu alikuwa na mpangilio wake: asubuhi kibanja, mchana majirani wanapita, jioni mbuzi. Kila niliposimama nilikuwa nimeziba njia. Hakunigombeza. Alinizunguka tu, kama mtu anavyozunguka kiti kilichowekwa mahali pabaya, na nilianza kufikiri kwamba nimechelewa, na kwamba nitaishi kwangu kama mpangaji mpaka mwisho.

Wiki ya pili walikuja wageni, mwalimu wa kwaya ya pale, ambaye ni fundi cherehani, pamoja na wazee wawili wa kanisa. Waliketi. Fundi alizunguka kwanza kwenye mvua na bei ya kahawa, kisha akafika kwenye hoja.

"Waitu, sisi tunapapasa tu. Mimi mwenyewe nimejifunzia redioni. Mungu ametuletea mtu mzima, msomi wa nota, mpaka mlangoni. Tunaomba utuchukue."

Sitaficha, kifua kilijaa. Uchovu wote niliokuja nao ulikuwa umekwenda, na nilikuwa tayari nafikiri besi nitawapanga wapi. Jikoni kisu cha kumenyea ndizi kilinyamaza. Mke wangu alitoka, mikono ina utomvu, akasimama mlangoni.

"Akija yeye, mimi nabaki nyumbani," akasema.

Fundi akacheka. "Mama, unamwonea wivu Mwalimu?"

"Simwonei wivu. Kule ndiko mahali pekee ambapo simsubiri mtu huyu. Mkimpeleka na huko, nitaanza kumsubiri tena akiwa mbele yangu."

Mzee mmoja alikohoa. Wote wakanigeukia, maana mwanamke alikuwa amesema mbele za watu na walitegemea nimjibu. Nilimtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka kama mimi, na kwa muda mrefu zaidi, bila mtu wa kumpigia makofi.

"Sitaweza," nikasema.

"Hata mara moja kwa mwezi?" fundi akauliza.

"Hata mara moja."

"Ni afya?"

Wangefurahi nikisema ni afya. "Afya ipo," nikasema. "Nimekataa tu."

Waliondoka hawajapendezwa, na fundi mpaka leo ananisalimu kwa mkato. Mke wangu alirudi jikoni, kisu kikaanza tena.

Alhamisi iliyofuata, alipoondoka kwenda mazoezini, nilichukua kisu nikaanza kumenya ndizi za usiku. Wanaume wa umri wangu huku hawamenyi ndizi. Jirani yangu alipita barabarani na baiskeli yake, akasimama kabisa.

"Mwalimu, umeolewa?"

"Nimeolewa, waitu. Tena nimechelewa kuolewa."

Alicheka mpaka akashika usukani kwa mikono miwili. Wiki ile kijiji kizima kilikuwa na habari hizo.

Kanisa liko karibu, sauti zinafika. Fundi huanza juu mno, ukifika ubeti wa pili soprano wanapiga kelele, na teno wanakuja nyuma kama watu wanaobeba mzigo. Najua ni nini kifanyike, ni kazi ya dakika kumi. Mara mbili nimesimama na kisu mkononi. Nimekaa tena. Katikati ya zile sauti kuna moja ya pili, nzito kidogo, haiyumbi, na sijaweza kuwa na hakika kama ni yake. Sijamwomba aniimbie nijue. Nadhani sina haki hiyo bado.

Juzi alirudi magharibi akiwa na wenzake wawili, wakaagana njiani wakicheka jambo ambalo sikuambiwa. Akaning'iniza kitenge, akaketi, nikampakulia ndizi. Alionja. Akatafuna polepole, akaniangalia.

"Ngumu," akasema. "Alhamisi ijayo zibandike mapema, kabla sijaondoka."