Uji wa Guangzhou

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa anatimiza miaka miwili Septemba ya mwaka 2007, na ndiyo sababu tulienda China Agosti. Mpaka leo watu huniuliza ni wazimu gani ulituingia, watu wa Nakuru, tukabeba mtoto mpaka Guangzhou badala ya kumpeleka Mombasa aone bahari kama watoto wengine. Jibu ni kwamba mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili hupakatwa kwenye ndege na tiketi yake ni kama zawadi. Akishafikisha, analipiwa karibu kama mtu mzima mwenye kazi yake. Sisi hatukuwa watu wa kulipia mtoto kiti.

Mume wangu alikuwa na duka la redio na chaja za simu pale mjini, na alikuwa ameenda Guangzhou mara moja kuleta mali. Alirudi na hadithi zisizoisha. Wazee wanacheza densi kwenye bustani asubuhi kabla ya chai. Barabara zimepanda juu ya barabara nyingine. Kuna mto unaopita katikati ya mji na feri yake ni ya bei ya andazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na wakati huo nilikuwa sijavuka hata mpaka wa Malaba. Nilimsikiliza mwaka mzima, kisha nikamwambia safari ijayo tunaenda wote watatu, na hatuendi kununua kitu, tunaenda kutembea. Nilisema kwa sauti anayoijua. Hakubishana.

Aliyebishana ni mama yake. Sisi sote tulimwita Cucu, yaani bibi, kwa sababu ya mjukuu. Mjukuu mwenyewe alikuwa amepewa jina la marehemu mumewe, kwa hivyo Cucu alimwita "mzee wangu" na alimpenda kwa wivu wa mke. Alikuwa na neno la kusema, na alikuwa na haki ya kulisema. Mwezi wa Juni mtoto alikuwa amelazwa na nimonia. Alitoka wodini shingo imekuwa nyembamba na hataki chakula. Kitu kimoja tu ndicho kilichomrudisha: uji wa wimbi, asubuhi, mchana na jioni, ninaomlisha mimi mwenyewe. Nasema mimi mwenyewe kwa sababu sikuruhusu mkono mwingine. Msichana wa kazi hakumlisha. Hata Cucu hakumlisha, maana nilimwona siku moja akimpa uji wa moto nikamnyang'anya kikombe. Hilo alilikumbuka.

Siku moja kabla ya safari alikuja Nakuru kutoka kwake, karibu na Kariandusi, na mikebe miwili ya mafuta ya kupikia, imefungwa kwa utepe mweusi na gazeti juu. Mmoja ulikuwa na unga wa wimbi aliousagisha kwa ajili ya mtoto. Wa pili ulikuwa na lile vumbi jeupe linalochimbwa kule kwao. Watu wa pale hulichanganya na maharagwe na mahindi kwenye gunia ili yasiliwe na dumuzi, na mimi nilikuwa nimemwomba aniletee, kwa sababu maharagwe yangu yalikuwa yameanza kutoboka. Alinieleza upi ni upi. Najua alinieleza, kwa sababu namkumbuka akigonga kifuniko cha mmoja kwa kidole.

Lakini alianza kueleza hapo hapo baada ya kuniambia, "Mtoto ametoka hospitali juzi na wewe unampeleka kwa ndege. Hiyo China itaenda wapi? Si itakuwa hapo tu hata mwakani?"

Nilikuwa nimeshafura kwa hasira. Mtu akiwa amefura haoni kidole kinagonga mkebe gani. Niliinua mikebe yote miwili, nikachagua, nikautia kwenye sanduku na sufuria ndogo, mwiko na jiko dogo la umeme. Mkebe ule ulikuwa mwepesi ajabu. Nikafurahi, kwa sababu ya kilo za mizigo.

Tulifika Guangzhou tukiwa tumevimba miguu. Gesti tuliyofikia ilikuwa kwenye kichochoro nyuma ya soko, orofa ya pili, chumba kisicho na dirisha, na ndiyo maana tuliweza kukilipia. Joto lilikuwa la kukaa ndani ya sufuria iliyofunikwa. Lakini nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Nilimvua mtoto viatu, nikachomeka jiko, nikabandika maji, nikakata utepe.

Ndani kulikuwa na vumbi jeupe.

Nilichota kidogo na kijiko. Halikuwa na harufu, halikuwa na uzito, lilibaki kwenye vidole. Maji yalikuwa yanachemka.  Nikajua kwamba unga wa wimbi uko Nakuru, jikoni kwangu, juu ya gunia la maharagwe, na mtu mzima mwenye cheti cha ualimu ndiye aliyeuacha pale.

"Hii ni nini?" mume wangu akauliza.

"Uliza mama yako."

"Si wewe ndio ulipaki?"

Tuligombana kwa sauti ya chini kwa sababu kuta zilikuwa nyembamba. Nilisema maneno kuhusu mama yake ambayo sitayaandika hapa. Yeye akachukua ule mkebe, akaufunga vizuri na utepe wake, akausukuma chini ya kitanda.

Siku ya kwanza sikuwa na wasiwasi sana. Nikajiambia mtoto akisikia njaa atakula. Tulimpa mkate, akauweka shavuni akautema. Tulimpa wali, yai, tambi, ndizi. Ndizi aliing'ata mara mbili. Tulimpa maziwa ya pakiti, akanywa kidogo, akatapika kwenye shati la babake. Tulitembea hivyo hivyo. Tuliwaona wale wazee wa bustani wakicheza densi, na kweli walicheza, wamama wa umri wa Cucu wamevaa raba, mikono juu. Watu walisimama kumtazama mtoto wetu, wakampungia, wakaomba kupiga picha naye. Wanawake kadhaa walimshika miguu wakanifokea, mpaka mume wangu akaelewa kwamba wanasema hana soksi. Katika joto lile! Siku nyingine ningecheka. Nilikuwa nimembeba mgongoni na leso, nikisikia jinsi kichwa chake kinavyolala bega moja na hakiinuki kuona kitu.

Siku ya pili hakula. Siku ya tatu asubuhi nepi yake ilikuwa karibu kavu, na nilipomwita aligeuza macho kwanza, kichwa baadaye.  Nilikuwa nimeona macho hayo Juni, wodini. Nilikaa kwenye kitanda nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, kwamba mtoto wangu atanifia kwenye nchi ambayo sijui hata kuomba maji, na ni mimi niliyemleta, kwa sababu ya tiketi rahisi na kiburi changu.

"Tubadilishe tiketi," mume wangu akasema. "Turudi nyumbani leo."

"Na njiani atakula nini?"

 Akasema basi tuanze na hospitali, wakimtazama ndipo tujue la kufanya. Akashuka kumtafuta mwenye gesti atuelekeze. Nami nikamfunga mtoto mgongoni nikamfuata.

Chini, mlangoni, alikuwa anakaa mama mzazi wa mwenye gesti. Tulikuwa tumempita kila siku. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe zilizokatwa usawa wa masikio, na shughuli yake ilikuwa kumenya mboga na kugombeza wapita njia. Siku ile ya kwanza alinigombeza mimi pia, kwa ajili ya soksi. Asubuhi hii alikuwa na jiko dogo kwenye ukumbi na sufuria juu yake. Nilipofika ngazi ya mwisho nikasikia mtoto amejiinua mgongoni. Nikasimama. Alikuwa anavuta hewa kwa pua.

Bibi huyo akaona. Akafunua sufuria, akatia uji kwenye bakuli. Ulikuwa wa manjano, wa nafaka ndogo ndogo ambazo hazikusagwa. Baadaye mwenye gesti alimwambia mume wangu kwamba mamake ni mtu wa kaskazini, na huko kwao huo ndio uji wa watoto na wagonjwa. Wakati ule sikujua lolote. Nilimwona mtu nisiyemjua ananyoosha kijiko kwa mtoto wangu, nikarudi nyuma.

Nilikuwa nimelelewa hivyo. Kwetu mtoto halishwi na mtu wa njiani. Nikatikisa kichwa, nikasema asante, hapana, asante, kwa Kiswahili na Kiingereza, kana kwamba lugha mbili zingesaidia.

Alikasirika. Nadhani ndiye mtu pekee niliyekutana naye mwaka ule aliyekasirika vizuri kunizidi. Akanisemesha maneno mengi, kidole kikielekea mtoto, kisha kwangu, kisha mtoto. Akala kijiko kimoja mwenyewe huku ananitazama usoni. Akachota kingine akakileta mdomoni mwangu. Nami, mwalimu, mama wa mtu, nikafungua mdomo.

Haukuwa wimbi. Haukuwa na sukari. Lakini ulikuwa uji, hakuna neno lingine. Nikalia pale pale, uji mdomoni.

Mume wangu akamfungua mtoto mgongoni, akakaa naye kwenye kigoda. Bibi akapuliza kijiko, akakigusisha mdomo wake wa chini kuona kama kimepoa, akampa. Mtoto akala. Akala kingine. Akala bakuli lote, na mume wangu akatazama ukutani kwa muda mrefu kuliko ukuta ule ulivyostahili.

Nilipokuwa nimetulia nikanyoosha mkono nichukue kijiko. Mtoto akafunga mdomo. Nikajaribu tena, akageuza uso, akamwangalia bibi. Kijiko kikarudi kwa bibi, mdomo ukafunguka. Sitasema uongo kwamba sikuumia. Niliumia, na nilishukuru, vyote viwili kwa wakati mmoja, na shukrani ilikuwa kubwa zaidi.

Kwa hivyo likizo yetu ikawa hivyo. Asubuhi uji kwa bibi, kisha tunatoka. Adhuhuri tunarudi, uji. Jioni uji. Katikati tuliona mji. Tulipanda feri ya bei ya andazi kwenda na kurudi, mara nne siku moja, kwa sababu mtoto alipenda honi. Alianza kukimbiza njiwa. Tulikula chakula cha barabarani ambacho sijui kilikuwa nini na sikutaka kujua. Nilimnunulia soksi. Siku moja nilimpigia simu Cucu kutoka kibandani, nikamweleza habari ya mkebe, nikangoja anitie adabu.

"Anakula?" akauliza.

"Anakula. Kuna mama wa hapa anamlisha."



"Huyo mama umwambie asante," akasema. "Umwambie hiyo asante imetoka kwangu."

Sikujua kumwambia. Nilimwinamia bibi mara nyingi, na yeye alinifukuza kwa mkono kama mtu anayefukuza kuku.

Kilichonikosesha raha ni siku ya kuondoka. Mtoto alikuwa amepata mashavu, lakini kwa mkono wa mtu mwingine. Kila nilipojaribu alifunga mdomo. Njiani kungekuwa na ndege mbili na saa nyingi, na bibi hangepanda. Nafaka tulikuwa tumepata, alitufungia mfuko na kunionyesha kwa vidole maji kiasi gani. Nafaka bila mkono ilikuwa haina faida.

Asubuhi ya mwisho masanduku yalikuwa mlangoni na mume wangu yuko barabarani akitafuta teksi. Bibi akaniita kwa kichwa. Akanikalisha kwenye kigoda chake, akamweka mtoto magotini pangu akiangalia upande wangu, kisha akavuta kigoda kingine akakaa ubavuni, bega lake kwenye bega langu. Akanipa kijiko. Mtoto akafunga mdomo.

Bibi akaushika mkono wangu kwa juu. Kiganja chake kilikuwa kigumu na kikavu. Tukachota pamoja, akapuliza, tukapeleka. Mtoto alitazama mikono ile miwili, mweusi chini, mweupe juu, akafikiri, akala. Tukachota tena. Bibi alikuwa anamsemesha polepole kwa lugha yake, nami nikaanza kumsemesha kwa yangu, kula baba, kula mzee, kula tuende nyumbani, na wala hatukungojana.

Sijui tulifika kijiko cha ngapi ndipo nikaona mikono ya bibi yote miwili imelala kwenye aproni yake. Sikuhisi alipouondoa wa kwake. Nilikuwa nimeinua kijiko peke yangu na nilikaribia kukishusha kwa woga. Mtoto alikuwa ameshafungua mdomo, ananingoja mimi.