Mama Tazue na Kamba za Yasunari

Saa moja kasoro asubuhi, viti vya lifti inayopandisha watelezaji wa theluji mlimani Onezawa vinashuka kimoja kimoja vikiwa na theluji ya usiku, na Tazue Kurebayashi anavisubiri na ufagio mkononi. Kila kiti kinapopita anakichapa, theluji inaruka, kiti kinageuka kurudi mlimani. Mashine haisimami na yeye hasimami. Mdomoni ana achari ya majani ya haradali, anatafuna huku anafoka.

"Wewe kaka! Rudi nyuma ya mstari! Kiti kikikubeba kwa kisogo usije ukasema Mama Tazue hakukwambia!"

Kijana wa mjini anayefokewa anarudi nyuma mbiombio, skii zake, zile mbao za kutelezea, zinapishana, anakaa chini kwa makalio. Tazue anacheka mpaka anakohoa, kisha anampa mkono na kumpakia kwenye kiti kinachofuata.

Ana umri wa miaka sitini na mmoja. Kiangazi analima mpunga. Theluji ikianguka anavaa koti jekundu la lifti, kibarua kinachomlipa yeni elfu tisa na ushee kwa siku na kukoma mara theluji inapoyeyuka. Hapa kwetu nusu ya kijiji inaishi hivyo, kwa hiyo hilo peke yake lisingemwingiza gazetini. Kilichomwingiza ni kazi yake ya Jumamosi mchana, ambayo halipwi hata senti, na mtu mmoja mbishi aitwaye Yasunari Egawa.

Jumamosi ni siku ya Kilabu cha Huduma cha Onezawa. Wanachama wake ni kinyozi, mtengeneza tofu ya soya, mwalimu mstaafu wa hesabu, wakulima na watu wa lifti. Wanapika supu ya nguruwe kwa miso, rojo la soya lililochachushwa, katika sufuria kubwa, wanaiuza chini ya mteremko, na kinachopatikana kinanunua na kutengeneza viti vya watu wasioweza kusimama juu ya skii.

Kiti kimefungwa juu ya skii moja. Anayekikalia ana fimbo mbili fupi zenye vibao vidogo nchani. Akiegemea kushoto anakwenda kushoto, akiegemea kulia vivyo hivyo. Nyuma yake anashuka mshika kamba, mwenye kamba mbili zilizofungwa kwenye kiti, tayari kuvuta mambo yakiharibika.

Kilabu kina desturi mbili zisizochezewa. Aliyeanguka haguswi mpaka yeye mwenyewe ainue mkono kuomba. Na anayeamua kamba zitoke lini ni mshika kamba, si mwenyekiti wala daktari.

"Mikono yake ndiyo inayojua," anasema mwenyekiti, Mzee Hikoichi Fukasawa, mwenye duka la tofu. "Yangu mimi inajua soya tu."

Mshika kamba wa Yasunari ni Tazue. Na kwa misimu mitatu Tazue hakutaka hata kusikia habari ya kuzitoa.

Yasunari ni seremala, ana miaka arobaini na minne. Siku hizi anatengeneza makabati akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na ukimsifu kabati atakuonyesha kasoro yake. Zamani alikuwa fundi wa mapaa. Huku, theluji ikijaa juu ya paa lazima ishushwe, la sivyo nyumba inalalama usiku na milango inagoma kufunguka. Wenye nguvu wanapanda kuwashushia wazee na wajane, na hakuna anayesubiri kuitwa.

Vuli moja, kabla ya misimu hiyo mitatu, Tazue alifiwa na mumewe. Majira ya baridi yalipoingia, Yasunari alikuja na koleo lake, akaegemeza ngazi, akapanda.

"Mimi nilikuwa jikoni nachemsha maji nimpe chai," Tazue anasimulia. Hapa sauti yake kubwa inapungua. "Nikasikia kishindo. Nikadhani ni theluji, maana theluji ikishuka inalia hivyohivyo. Nikaendelea kumimina chai. Unasikia? Mtu amevunjika mgongo nje ya dirisha langu, mimi namimina chai."

Tangu siku ile Yasunari hakusimama tena. Na alipoamua kurudi mlimani kwa kiti, Tazue alikwenda kwa Mzee Fukasawa kabla ya mtu yeyote, akasema kamba hizo atazishika yeye.

Alizishika kwelikweli! Misimu mitatu Yasunari hakuanguka hata mara moja. Kilabu kizima kikajisifu. Watu wa vilabu vingine wakaja kutazama, wakapiga picha, wakanywa supu. Mwenye kinyongo alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa amekaa kwenye kiti.

Jumamosi moja mwezi wa pili, Yasunari alisimamisha kiti katikati ya mteremko, akakigeuza, akatazama juu walikotoka. Aliitazama ile theluji muda mrefu. Alipofika chini alikuja moja kwa moja kwenye foleni ya supu alikokuwa Tazue. Mimi nilikuwa nyuma yao na bakuli langu, na sitadanganya kwamba sikutega sikio.

"Mama, unanivutia breki."

"Nani, mimi? Theluji ya leo nzito."

"Ingekuwa nzito, hata alama yangu ingechimbika. Mimi ni seremala, mama, najua ubao uliorandwa na ubao uliokwanguliwa. Alama yangu imepita juujuu. Alama za skii zako zimechimba mitaro, tungeweza kupanda viazi humo."

"Basi panda viazi. Shika bakuli, supu inapoa."

"Sili supu! Nimekuja kuteleza, sikuja kutembezwa kama bibi harusi. Nitolee kamba."

"Ukivunja mkono utakula na nini?"

"Nitalamba sahani kama paka. Mkono si wangu?"

"Na mgongo ulikuwa wa nani?" Tazue akasema.

Mzee Fukasawa alikuwa ameinua upawa umejaa, akabaki nao hivyo, supu ikimdondokea kwenye buti.

"Mgongo nao ulikuwa wangu," Yasunari akajibu taratibu. "Nilipanda bila kujifunga kwa sababu nilijiona fundi. Kila mtu alinikanya, hata marehemu mumeo alikuwa akinikanya. Paa lilikuwa lako, mama, lakini kosa lilikuwa langu. Miguu imeshakwenda. Usininyang'anye na kosa langu."

Tazue aliweka bakuli chini, akaondoka bila kuaga.

Wiki ile wateja wa lifti waliipata. Alimfokea aliyechelewa kukaa, akamfokea aliyewahi. "Nilikuwa nimekasirika mpaka meno yananiuma," anakiri. "Nilisema moyoni, mtu namtunza kama yai halafu ananiambia ninamnyang'anya! Eti mimi, mwizi!"

Lakini lile neno halikumtoka akilini. Ilipofika Ijumaa alimfuata mwalimu mstaafu, Bwana Noboriguchi, ambaye naye ni mshika kamba, akamwomba jambo ambalo kwa miaka yote ya kilabu hakuwahi kuliwaza: amfunge yeye kwenye kiti na kumshusha.

"Nikamwuliza, nikuvute vipi?" anaeleza Bwana Noboriguchi. "Akanijibu, nivute kama mimi ninavyomvuta Yasunari. Nikasema, dada, hivyo siwezi, hiyo ni kama kumfunga ng'ombe. Halafu akasema, basi nifunge kama ng'ombe."

Hawakufika hata nusu ya mteremko. Kila kiti kilipoanza kupata mwendo, kila upepo ulipoanza kumpiga usoni, kamba zilimrudisha. Akaegemea kona ya kwanza, kamba zikamnyoosha. Akaegemea ya pili, zikamnyoosha tena. Tazue akapiga kelele asimamishwe.

"Nilijiona kama nimeshikwa ukosi na mtu asiyenisikia," anasema. "Na huyo mtu ni mimi. Misimu mitatu! Jamani, misimu mitatu amevumilia vile, na bado ananisalimia!"

Kesho yake mchana alimpakia Yasunari na kiti chake kwenye lifti, akapanda naye mpaka kileleni mwa mteremko wa chini, na mbele ya kilabu kizima, ukiondoa Mzee Fukasawa aliyebaki chini na supu, akainama, akafungua kulabu ya kamba ya kwanza, kisha ya pili. Kulabu ya pili ilimshinda mara mbili kabla ya kufunguka. Yasunari alitazama mbele tu.

"Nenda," Tazue akamwambia. "Ukifa nitakuua."

Akaenda. Kona ya kwanza aliipita vizuri, ya pili akaipita kwa kasi ambayo hatukuwahi kumwona nayo. Ya tatu aliegemea mno. Kiti kikapinduka, theluji ikatimka, na ilipotulia alikuwa amelala kifudifudi, kofia kule, fimbo moja huku.

Kinyozi, Bwana Kamijo, alikuwa karibu zaidi. Alikwishapiga hatua pale Tazue alipomzuia na fimbo yake kifuani.

"Umeuona mkono?"

"Dada, amelalia uso!"

"Nimekuuliza, mkono umeuona? Hujauona. Simama hapo hapo!"

Alisema hivyo machozi yakimtiririka, na wala hakuyafuta. Sote tulisimama. Yasunari alijikokota akaifikia fimbo, akaikita, akajisukuma, kiti kikainuka nusu na kumrudisha chini. Akapumzika. Akajaribu upande wa pili, akaanguka tena, na safari hii tukasikia akitukana tusi ambalo gazeti hili haliwezi kuliandika. Tazue alitupa jicho mbinguni, akasema, "Yuko hai."

Mara ya tatu kiti kilisimama. Hakuna aliyepiga makofi, tuliogopa tutamwangusha. Akatikisa theluji kichwani, akageuza kiti kuelekea bonde, akashuka mpaka chini bila kutazama nyuma. Kutoka huku juu tulimsikia akimwuliza Mzee Fukasawa kwa kelele kama supu imebaki.

Tangu siku hiyo Yasunari ameanguka mara nyingi kuliko wanafunzi wote wa kilabu, na anajisifia jambo hilo kwa yeyote atakayesimama kumsikiliza. Mkono wake mmoja ulitegukia kwenye kona ileile ya tatu. Tazue alimpelekea maandazi ya mvuke, akamcheka, akaondoka.

Sasa msimu unaelekea ukingoni na Yasunari ameanza kuutaja mteremko wa juu, ule mkali wa upande wa misonobari. Namwuliza Tazue kama atamruhusu.

"Aniombe mimi ruhusa kwa lipi?" anashangaa, akichapa kiti kinachopita. "Kamba si zangu tena. Mimi hapa napakia watu tu."

Lakini ana mpango wake wa msimu ujao, na meneja wa lifti ameshamkubalia asifanye kazi ya lifti siku nzima ya Jumamosi. Yasunari atakapopanda huko juu, Tazue atatangulia. Atashuka kwanza, peke yake, na kumngojea chini.

"Misimu mitatu nimeona kisogo chake tu," anasema. "Nataka nimwone uso anapokuja."