Kiti Kilichofunika Namba

Mtaani walimwita Dakika, na jina likamkaa. Alitengeneza saa katika kibanda kilichobanana na duka la vifaa vya shule, na kwa miaka thelathini mteja aliyeambiwa njoo saa tisa aliikuta saa yake inatembea saa tisa. Hakuwa mtu wa maneno. Maneno alimwachia mkewe, aliyekuwa mwamuzi wa mpira wa pete, mwanamke aliyezoea kupuliza filimbi na watu kumi na wanne wakasimama.

Kisha kiharusi kikamwangusha mkewe bafuni. Upande wa kushoto ukafa ganzi, ulimi ukawa mzito, na mwaka mzima Dakika ndiye aliyekuwa miguu yake. Ndipo mdogo wake mama huyo, anayeishi ng'ambo, alipomtumia kiti cha magurudumu cha umeme, kinachoendeshwa kwa kijiti kidogo. Mkono wa kulia peke yake ulitosha. Siku ya pili tu Dakika alirudi mchana akakuta kitanda kitupu, sebule tupu, akatoka mbio. Alimpata nyumba ya tatu, anapiga soga na jirani.

"Kumbe siku hizi tunaomba ruhusa?" mkewe akamuuliza, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Shida ya kiti hicho ni kwamba hakikunjiki, na kukinyanyua kunataka wanaume wanne. Buti la kigari chao halikumeza hata nusu yake. Na mazoezi ya viungo hospitali yalikuwa kila Jumanne na Ijumaa, saa mbili kamili asubuhi. Basi fundi wa kuchomelea akawatengenezea keria ya chuma, akaifunga nyuma ya gari kwenye ndoano ya kuvutia tela, akaweka na ubao wa kupandishia. Kiti kikapanda chenyewe, kikafungwa mikanda, kikatulia. Dakika akazunguka nyuma kukagua mikanda, akairidhia. Namba ya gari hata hakuiwazia.

Jumanne ya kwanza trafiki akawasimamisha karibu na hospitali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande."

"Gari lako lina namba gani?"

Dakika akaitaja.

"Nimekufuata tangu kwenye taa, sijaiona. Naona kiti tu."

"Ipo, afande. Kiti ndicho kimeifunika."

"Sasa ukimgonga mtu ukaondoka, atakuja kutuambia nini? Kwamba amegongwa na kiti?"

Askari alisema kweli. Hilo ndilo lililokuja kumchosha kuliko yote: kila aliyemkatalia alikuwa na haki. Heri angempata angalau mmoja wa kumkasirikia.

Akarudi kwa fundi, wakakifungua kibao cha namba kwenye gari, wakakifunga kwenye keria. Ijumaa wakapita salama. Jumanne iliyofuata askari mwingine akainama akakitazama.

"Kibao ni cha gari, mzee, si cha keria. Ukiiacha keria nyumbani, gari litatembea uchi?"

Kibao kikarudishwa mahali pake. Safari hii Dakika akachukua ubao, rangi nyeupe na nyeusi, akaiandika namba mwenyewe usiku mmoja mezani, kwa ule mkono wake wa kushika skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Akaufunga ubao kwenye keria. Namba aliiandika vizuri mno. Askari wa tatu akaona hii si kazi ya mtu mwenye nia njema.

"Nani kakuruhusu kutengeneza namba za gari?"

Wakakaa kituoni hadi saa tano, yeye ndani anajieleza, mkewe nje kwenye gari, jua limemwingia usoni na hawezi kujisogeza. Ubao wakauchukua. Walipofika hospitali, mtaalamu wa mazoezi akawaonyesha daftari.

"Mama yangu, mmechelewa mara tatu. Ijumaa yako nimempa mgonjwa mwingine. Tubaki na Jumanne."

Dakika, mtu wa saa, akaangalia chini kama mwanafunzi.

Kesho yake akafunga kibanda, akaenda ofisi ya usajili wa magari. Dada wa dirishani alimsikiliza mpaka mwisho, tena kwa adabu.

"Baba, gari moja lina vibao viwili, cha mbele na cha nyuma. Cha tatu hutolewa kwa tela, na tela husajiliwa lenyewe. Hiyo keria ina magurudumu?"

"Haina."

"Basi si tela."

"Haya, ni nini?"

Dada akabofya, akasoma, akabofya tena. "Kwenye kompyuta haipo, baba. Andika barua." Kisha akapunguza sauti. "Ila mtu akipoteza kibao, akaleta karatasi ya polisi, tunamtengenezea kingine."

Akamwelewa. Akaandika barua, akaiacha, akaenda moja kwa moja kituo cha polisi, akakaa kwenye benchi kungoja zamu. Njia nzima alikuwa ameyapanga maneno.

"Kimepotelea wapi?" akaulizwa, kalamu tayari.

Dakika akafungua mdomo.

"Hakijapotea," akasema. "Samahani, mwanangu." Akanyanyuka akaondoka.

Barua haikujibiwa. Alipokwenda kuulizia aliambiwa inashughulikiwa, na mara ya pili akaambiwa hivyo hivyo. Jumatatu moja jioni mkewe akasema, taratibu, neno moja moja, "Kiache. Hospitali wana viti."

"Vile vya kusukumwa?"

"Baba watoto. Kiache."

Asubuhi akaifungua keria, akaiegemeza ukutani. Wakafika saa mbili kasoro robo. Njiani yule trafiki wa kwanza aliwapungia mkono, akapaza sauti, "Safi, mzee! Sasa inaonekana!" Na Dakika akajikuta anamshukuru.

Kiti cha hospitali kilikuwa cha turubai iliyolegea. Akamsukuma mkewe hadi kwenye korido, akamweka pembeni ili asigongwe na machela, akaenda kupanga foleni ya faili. Foleni ilikuwa ndefu, na mtunza faili alikuwa ametoka kidogo. Aliporudi ilikuwa imepita nusu saa. Mkewe alikuwa pale pale alipomwacha, uso bado umeelekea ukutani, shuka la miguuni limeanguka sakafuni, na kijito cha mate kimekauka kidevuni.

Dakika akapiga magoti, akamfuta kwa leso.

"Mbona hukuniita?"

"Nilikuita," mkewe akasema.

Akaokota shuka, akamfunika miguu, akamgeuza upande wa watu.