Komoni ya Kulimia

Pumba za mahindi zikikaangwa kwenye bati la pipa, harufu yake huingia mpaka kwenye shuka. Ndivyo nyumba yetu ilivyonukia mvua za kwanza zilipokaribia, huko pembeni mwa Songea, miaka ile ya ruksa, mwishoni mwa themanini. Mama alikaanga, mimi nikachanganya na kimea cha ulezi, baadaye komoni, pombe yetu ya kienyeji, ikaanza kutokota yenyewe kama inasema na mtu. Haikuwa ya kuuza. Baba alikuwa ameshafariki, na kwetu mjane hakulima peke yake: alipika pombe, majirani wakaja asubuhi na majembe, wakalima huku wanakunywa, jua likifika utosini shamba limegeuzwa lote. Mkono mtupu haulambwi. Bila komoni hakuna shamba, bila shamba hakuna ugali.

Mwaka ninaoukumbuka, watu walikuwa wameshaanza mstari wa kwanza, wanaimba, wanamtania mama kwamba safari hii kazidisha maji. Akatokea mtendaji wetu wa kata, Fulgensi, na mgambo wawili. Namtaja, maana alikuwa na jina. Mama akamwamkia shikamoo, ingawa mama ndiye aliyemzidi umri. Fulgensi akasema pombe ya kienyeji hainywewi kabla ya saa kumi jioni.

"Hili ndilo jembe langu, baba," mama akasema. "Saa kumi nitalima na nani?"

"Sheria niliikuta, mama. Mwingereza aliiweka ili watu wafanye kazi."

"Na hawa wanafanya nini?"

Watu wakacheka. Hapo ndipo alipokasirika. Mgambo wakaipiga mitungi mateke, komoni ikanywewa na matuta. Mchana huohuo nilitumwa chumvi Msamala, nikamkuta Fulgensi kakaa baa na bia mezani. Ya chupa haikuwa na saa.

Majirani walimalizia mistari michache kwa kuona aibu, wakaaga. Shamba kubwa likabaki nyasi. Mwaka ule tulikula mihogo ya kuomba, na mdogo wangu akapelekwa kwa shangazi, kijijini Nakapanya, ili ale. Alikulia huko, akawa mtoto wa watu. Wanasema mkoloni aliondoka. Aliondoka, ndiyo, akamwachia Fulgensi saa yake.

Siku hizi nalimisha kwa vibarua. Wanakuja na simu zinawaimbia masikioni, wanaondoka hata jina langu hawalijui. Natamani mno asubuhi zile, hata jasho lake. Mwaka jana nilitaka kuwaita majirani waliobaki, walime kama zamani, mama aone kabla macho yake hayajazima kabisa. Nikaenda ofisi ya kata kuomba ruhusa. Mtendaji wa sasa ni binti mdogo, ana adabu. Akaniamkia, akanipa kiti, akasema pole mama, ni mpaka saa kumi. Nikamshukuru. Nilipotoka ndipo nilipoziona kandambili zangu mlangoni, nilipozivua mwenyewe. Ndani wote walikuwa na viatu, na hakuna aliyeniambia nivue.