Yowe la Mpishi

Kwa miaka tisa mpishi wa kundi la filamu alifundishwa jambo moja tu: fundi sauti akiinua mkono, hakuna kukohoa. Ukithubutu, mwongozaji atakutukana mpaka mama yako mzazi. Kwa hiyo alikoroga mchuzi kwa kunyata kama mwizi, huku chumba cha pili watu wazima wakidanganyana mapenzi mbele ya kamera.

Siku ile mguu wa meza ulivunjika, na karai la mafuta ya moto likammwagikia mapajani. Akapiga yowe ambalo hata yeye hakujua kama analo. Watu wakaja mbio na ndoo za maji. Fundi sauti, hedfoni masikioni, akainua mkono.

Wote wakaganda mlangoni na ndoo zao. Mpishi naye, kwa mazoea ya kijinga ya miaka tisa, akauma aproni yake akanyamaza, ngozi ikiendelea kuiva. Maji yalimfikia pale tu mkono wa fundi uliposhuka.

Siku ya tatu fundi sauti alikuja hospitali na mfuko wa machungwa. Mpishi akadhani amekuja kuomba radhi, akajiandaa kumsamehe.

"Pole, mama. Lile yowe lilikuwa zuri sana, ila ulilikata katikati. Na yule dada wetu nyota hawezi kulia vile hata umchape."

"Sasa unataka nini, baba?"

Akavuta kiti, akavaa hedfoni, akauliza bandeji hubadilishwa saa ngapi.