Nyumba Isiyo na Wageni

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisini Beni nikiwa na viatu vya kuazima na barua ya padre mkononi. Barua ilieleza kwamba nimemaliza graduat, yaani miaka mitatu ya kwanza ya chuo, na kwamba baada ya hapo nimetumikia parokia mwaka mzima bila mshahara kule Mabalako, nikipima uzito wa watoto katika kituo cha afya. Mkuu wa ofisi aliisoma yote, akaikunja, akaniuliza swali moja tu: kama ninajua kunyamaza. Nikasema ninajua.

"Donc, basi, utajifunza kazi," akasema.

Tulimwita Chef, na hata leo ulimi wangu unakataa kumwita kwa jina. Alikuwa mtu wa Kasaï, mkaguzi wa shule aliyetumwa huku na serikali zamani. Vita ikakata njia ya kurudi kwao, mshahara wa serikali ukapotea, akaingia katika shirika letu dogo la kusaidia watu waliokimbia vijiji vyao. Alivaa koti jua likiwaka na mvua ikinyesha, na ripoti zetu alizisahihisha kwa kalamu nyekundu kana kwamba bado tuko darasa la tano.

Kazi yenyewe ilikuwa enquête, kwenda nyumba kwa nyumba na kuuliza. Kila nyumba ilikuwa na karatasi yake, fiche: wenyeji wangapi, wageni wangapi, wametoka wapi, wanakula mara ngapi. Fiche hizo ndizo zilizoamua unga na uji wa watoto vipelekwe wapi. Ninyi vijana mnaotumia simu kwa kazi hii msitucheke; karatasi zetu tulizibeba ndani ya mfuko wa nailoni, tukazilinda na mvua kuliko tulivyojilinda wenyewe.

Ugumu haukuwa katika karatasi. Waliokimbia huku kwetu hawakukaa kambini, walipokelewa majumbani. Na kwetu, mtu akishakula jikoni mwako majuma mawili, kumwita mgeni mbele ya watu ni sawa na kumwambia aondoke. Yeye naye hawezi kwenda kuomba nje, maana atakuwa ametangaza kwamba humlishi. Kwa hiyo ukiuliza nyumba ina wageni wangapi, unajibiwa kwa adabu kabisa kwamba hakuna. Nyumba iliyojaa kuliko zote ndiyo iliyokataa kwa nguvu kuliko zote.

Chef, mtu wa mbali, alikuwa ameielewa adabu yetu kuliko sisi wenyewe. Alitufundisha kuuliza, kuandika jibu kama lilivyotolewa, kisha kuomba maji ya kunywa na kukaa. Ukikaa unaona. Unahesabu sahani kwenye kichanja na mikeka iliyoanikwa, kisha unaandika hesabu hiyo kwa penseli pembeni mwa fiche. Penseli ndiyo iliyoongoza mgao.

"Batu banaweza kuficha batu," alikuwa akisema, "mais masahani, hapana."

Mwaka uliofuata nilijiandikisha licence, ile miaka miwili ya juu, katika chuo kimoja cha Butembo. Chef alinipangia siku: Jumatatu hadi Jumatano niko kazini Beni, Alhamisi hadi Jumamosi niko darasani Butembo. Nilisafiri juu ya magunia ya maharagwe, na kwenye kila kizuizi askari waliuliza kwa Lingala nimebeba nini. Mmoja alifungua daftari langu la takwimu, akalisoma kwa makini likiwa limepinduliwa, akaniruhusu kupita. Nilichoka vibaya sana. Lakini mtaani kwetu mama alikuwa ameanza kuitwa mama wa universitaire, yaani wa msomi wa chuo kikuu, na sitaficha kwamba nilipenda kulisikia jina hilo.

Nilipotakiwa kuandika mémoire, andiko la kumaliza masomo, nilichagua nyumba zilizopokea wakimbizi kwenye barabara ya Beni kwenda Oicha. Nikapata wazo nililoliona la akili: safari moja, kazi mbili. Fiche zilezile ningezitumia chuoni, na ofisi ingezitumia kwa mgao. Chef hakulipenda. Alisema fiche ya masomo na fiche ya unga si ndugu, moja inatafuta alama na nyingine inatafuta mtu. Lakini gari letu lilikuwa limeharibika na barabara ilikuwa mbaya kwa mabunduki, akaona afadhali safari moja kuliko hakuna. Akakubali.

Hivyo ndivyo nilivyofika Mbau, kwa Mama Masika. Alikuwa mjane, mwenye shamba la muhogo na watoto wanne, mwanamke mnene wa kucheka. Nyuma ya nyumba alikaa binti mgeni akimenya muhogo, jina lake Kahindo, na mgongoni alikuwa na mtoto. Nilimwangalia yule mtoto. Nywele zimekuwa nyekundu, miguu imevimba. Mwaka mzima wa Mabalako nilikuwa nimewaona wa namna hiyo, sikuhitaji mizani.

Niliuliza swali langu.

"Hapa hakuna mugeni, mutoto yangu," Mama Masika akasema. "Bote ni batoto ba nyumba."

Kahindo aliinamisha kichwa, akaendelea kumenya. Nikaandika sifuri. Nikaomba maji, nikakaa, nikahesabu sahani kumi na moja kwa nyumba ya watu watano. Nikaliandika hilo kwa penseli, pamoja na habari ya mtoto.

Tatizo lilikuwa Butembo. Promoteur wangu, mwalimu aliyesimamia mémoire, alikuwa mtu safi, mkali, mwenye saa mezani. Alipoona maandishi ya pembeni aliyapigia mstari mmoja baada ya mwingine.

"Mademoiselle, science ni kile mutu alisema," akaniambia. "Masahani haijibu maulizo ya questionnaire. Ondoa ile yote, ao hapana soutenance."

Soutenance ni siku ya kutetea andiko mbele ya walimu, na yangu ilikuwa imebaki majuma matatu. Nikakaa siku mbili nikinakili fiche zote upya, safi, bila penseli. Nilipomaliza zilipendeza kweli.

Juma hilohilo Chef alilazwa kwa homa, na ofisi ikanitumia mtu: lori la mgao limepatikana, orodha ya Mbau inahitajika kesho yake. Fiche za penseli zilikuwa nyumbani, zimechanganyika ndani ya katoni. Ningeweza kukaa siku nzima kuzipanga na kukosa kuonana na promoteur. Badala yake nikatoa orodha kutoka nakala safi, nikaweka sahihi. Jina la Mama Masika halikuwamo, wala majina ya nyumba nyingine kama yake. Nilijua. Nataka neno hilo lisomeke vizuri hapa: nilijua. Nilijiambia kwamba mgao unaofuata nitawatanguliza.

Soutenance ilienda vizuri. Nilipewa distinction, alama ya juu, wenzangu wakanimwagia poda kichwani kama ilivyo desturi, mama akacheza mpaka kitambaa chake kikaanguka. Siku tano baadaye nilikwenda Mbau.

Mama Masika alikuwa peke yake mlangoni. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Aliniambia kwamba lori lilikuja, muuguzi akapima watoto wa wageni walioandikwa na kuwapa uji, na kwake hakuna aliyeita. Hakuweza kwenda kusema ana wageni baada ya kusema hana. Kahindo naye asingeweza kwenda na kumpita mwenye nyumba. Mtoto walimzika Jumapili, na Kahindo aliondoka siku ya pili kuelekea Oicha bila kuaga.

"Weye uliniuliza muzuri," akasema. "Miye njo nilikujibu hakuna mugeni. Kinywa yangu njo iliua ule mutoto."

Jibu nilikuwa nalo. Ningesema: mama, sikuamini kinywa chako hata siku ile, niliona sahani, nilimwona mtoto, nikaandika, kisha nikafuta kwa ajili yangu. Nilifungua mdomo, nikasema, "Pole, mama." Nikaenda zangu.

Chef nilimwambia kila kitu akiwa bado kitandani. Hakupandisha sauti. Alisema orodha tutairekebisha, na tukairekebisha kweli. Kisha akasema, "Mais ile mama, weye mwenyewe njo utarudia kumwambia. Ile hapana kazi ya ofisi."

Sikurudi. Kwanza vita ilisogea, na barabara ikafungwa miezi. Ilipofunguliwa nilikuwa nimepewa Kirumba, kusini ya Butembo, kama mkuu wa kituo, kwa sababu ya ile diploma. Baadaye nikarudishwa Beni, nikakaa katika kiti cha Chef alipofariki. Nilifundisha vijana wengi kuomba maji na kuhesabu sahani, na walidhani ni ukali wa uzee. Kwenda Oicha nilipita Mbau mara nyingi sana, ndani ya gari, nikiangalia upande wa pili wa barabara. Nilikuwa na sababu kila mara, na kila mara sababu ilikuwa nzuri.

Mnaniuliza kama inawezekana kusoma na kufanya kazi ya watu kwa wakati mmoja. Inawezekana. Nimewaona wanaoweza. Jiulizeni tu kila jioni, yule mtu mliyemwona leo mmemwona kwa faida ya nani. Mimi nilipojiuliza nilikuwa nimechelewa.

Nilistaafu, na mwaka huohuo nikasikia Mama Masika amefariki. Nilikwenda kwenye matanga. Nilikaa na wanawake kwenye mikeka, na binti yake wa mwisho, Kavugho, akanikaribisha bila kunifahamu. Nikasema kwamba mama yake alikuwa na nyumba ya kupokea watu. Akanitazama kwa mshangao.

"Nani alikuambia vile? Mama hakupokeaka mutu," akasema. "Tangu niko mudogo. Hata wakati batu ba Eringeti banakimbia, banabeba batoto, banapiga hodi, mama anafunga mulango, anaenda kulia kule nyuma. Alisema eti mugeni akilala kwake atakufa, kwa sababu ya kinywa yake."

Hapo nikamwambia. Nilimwambia yote, sahani, mtoto, penseli, nakala safi, na siku niliyosimama mlangoni pale nikasema pole. Sikuacha kitu. Alinisikiliza mikono ikiwa magotini.

"Donc ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Na mama alikuwa hapa tu. Miaka yote."

"Ndiyo."

Akainuka taratibu, akafunga kitenge chake vizuri, akaenda kuwapokea watu wengine waliokuwa wanaingia.